Kuzoea Si Kupona

KIVU KASKAZINI — Kuna neno moja ambalo mashirika ya kiutu, wakubwa wa serikali na wageni wa siku mbili hupenda kulitaja kila wanapowatembelea wahami. Kwa Kifaransa wanasema résilience. Mkalimani akilitia katika Kiswahili, mara nyingi linatoka hivi: raia wa Kivu ni watu wa nguvu, wamezoea. Watu wanapiga makofi, picha zinapigwa, kisha jeep zinarudi mjini. Mama aliyebaki chini ya shitingi, anayeshtuka kila pikipiki inapolia barabarani, hakuulizwa kama kweli amezoea. Na hata kama angejibu ndiyo, hakuna aliyekuwa tayari kumuuliza swali la pili: kuzoea huko kumemgharimu nini?

Swali hilo la pili ndilo linaloibwa kila siku. Linaibwa kwa jina la sayansi, na sayansi yenyewe haikusema hivyo.

Wataalamu wa ubongo wanakutana kila mwaka katika mikutano mikubwa. Chama cha wataalamu hao cha Marekani kilifanya mkutano wake wa kwanza wa mwaka mjini Washington mwaka 1971, na kwa miaka mingi sasa mkutano huo unakusanya watu zaidi ya 20,000. Shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, IBRO, lililoundwa mwaka 1961, lilifanya kongamano lake la dunia mjini Granada, Uhispania, Septemba 2023. Katika mikutano ya namna hiyo, moja ya hoja zinazorudi kila mara ni mitandao ya ubongo: jinsi sehemu mbalimbali za kichwa zinavyopelekeana habari ili mtu abadili mwenendo wake pale mazingira yanapobadilika. Ni hoja nzuri na ya kweli. Lakini neno likitoka ukumbini, likapita mikononi mwa waandishi wa miradi na ripoti, linafika Kivu limekatwa nusu. Nusu inayofika inasema kwamba ubongo unajirekebisha. Nusu inayoachwa njiani inasema kwamba kila marekebisho yana bei.

Mfano wa kwanza unatoka London. Madereva wa teksi wa mji ule wanalazimika kujifunza kwa kichwa maelfu ya barabara kabla ya kupewa kibali. Mwaka 2000, mtafiti Eleanor Maguire na wenzake waliwapiga madereva hao picha za ubongo. Waliona kwamba kipande kinachoshika kumbukumbu za mahali, kinachoitwa hipokampasi, kilikuwa kimenenepa upande wa nyuma kuliko kwa watu wengine. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima: ubongo unakua kwa kazi! Lakini picha zilezile zilionyesha kwamba upande wa mbele wa kipande hicho ulikuwa mdogo zaidi. Na mwaka 2006, walipolinganishwa na madereva wa basi ambao wanapita njia moja kila siku, watu wa teksi walishindwa zaidi kushika michoro mipya waliyoonyeshwa. Kichwa kilipata hapa, kikapoteza pale. Na hao ni watu waliolala vitandani mwao kila usiku, wenye mshahara, ambao hakuna aliyewafukuza kwa masasi.

Mfano wa pili unahusu watoto. Seth Pollak wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, aliwachunguza watoto waliopigwa na kuteswa nyumbani. Aliwaonyesha picha za nyuso ambazo hazijaonekana vizuri, akazifunua kidogo kidogo. Watoto waliokuwa wamepigwa walitambua uso wa hasira mapema kuliko watoto wengine. Je, hilo ni kipaji? Ndani ya nyumba ya mtu mkali, ndiyo, linaweza kumwokoa mtoto. Lakini mtoto huyohuyo akienda shuleni anaweza kuiona hasira hata pale isipo kubwa, akajilinda dhidi ya watu ambao hawakumtaka ubaya.

Sasa wasikilizaji waangalie kambi na vijiji vya Kivu. Kuna watoto wa miaka 6 wanaotofautisha kwa sikio tu bunduki ndogo na bomu, na wanaojua kama mlio unakuja ama unakwenda. Watu wazima wanacheka wanaposimulia hayo, wanasema mtoto ana akili. Kweli anayo. Tangia Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021 hadi mabomu yalipoangukia wahami upande wa Mugunga tarehe 3 Mei 2024, kichwa cha mtoto wa Goma kimepata masomo mengi sana juu ya hatari. Kisha, Februari 2025, familia zilizokuwa zimejibana kandokando ya mji ziliambiwa zikunje shitingi na kuondoka, na kichwa hicho kikajifunza tena kwamba hata mahali pa kukimbilia hapadumu. Mtoto huyo akiingia darasani, masikio yake yanabaki dirishani. Mwalimu anamuuliza mara tatu, mtoto hajibu. Mwalimu anasema huyu ana kichwa kigumu, kisha anachukua fimbo. Ubongo ambao ulikuwa umemwokoa mtoto usiku unamfukuzisha shule mchana.

Huko ndiko kuzoea. Kengele ya hatari iliyo ndani ya kichwa inabaki imewashwa. Sehemu inayopima mambo na kushika breki inachoka. Sehemu inayoshika mahali na saa, ile inayopaswa kusema kwamba jambo lile lilikuwa Sake, lilikuwa mwaka jana, limepita, inashindwa kuweka tarehe. Ndiyo sababu mtu anaota usiku na kuamka kama vile mambo yanatendeka sasa hivi. Bruce McEwen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, alionyesha mwaka 1968 kwamba homoni zinazotoka wakati wa hofu zinafika hadi ndani ya ubongo, kwenye hipokampasi. Mwaka 1993, pamoja na Eliot Stellar, alieleza jinsi mwili unaokabiliana na shida bila kupumzika unavyobeba mzigo unaoongezeka: moyo, damu, kinga ya magonjwa, usingizi, kumbukumbu. Mwili unasimama, lakini unaliwa kidogo kidogo. Mtu aliyesoma kazi hiyo hawezi kusimama mbele ya wahami na kuwapongeza kwa sababu wamezoea.

Kongo ina ushahidi wake yenyewe, na huu unaonekana kwa macho. Ugonjwa wa konzo ulielezwa na daktari Giovanni Trolli mwaka 1938 huko Kwango. Jina lenyewe ni la Kiyaka, linamaanisha miguu iliyofungwa. Unawapata watu wanaokula mihogo michungu isiyolowekwa siku za kutosha, huku wakikosa chakula kingine kama maharage, samaki ama nyama. Sumu iliyomo ndani ya mihogo inaharibu njia za neva zinazoongoza miguu, na mtu aliyelala mzima anaamka hawezi kutembea sawasawa. Haponi tena. Mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba ugonjwa huo umetokea Burhinyi, Kivu Kusini, eneo lililopigwa na vita. Mtu asiulize sana sababu. Mama anayekimbia hawezi kuloweka mihogo siku 3 ama 4 mtoni ambako watu wenye silaha wanapita. Anaiondoa mapema, anaianika, anasaga, watoto wanakula bugali. Amejirekebisha kulingana na hali, kama vile ripoti zinavyopenda. Na mwaka 2013 utafiti uliofanyika Kahemba, ukishirikisha daktari Mkongomani Désiré Tshala-Katumbay, ulionyesha kwamba katika vijiji vya konzo hata watoto wanaotembea vizuri wanaweza kupungukiwa nguvu ya kushika na kufikiri.

Dawa ya kuzuia ipo, na haina bei. Unga wa mihogo unachanganywa na maji hadi uwe na unyevu, unatandazwa mwembamba juu ya ungo ama mkeka, unaachwa juani saa 2 ama kivulini saa 5. Sumu inatoka hewani. Kisha bugali inapikwa siku hiyohiyo. Njia hiyo imefundishwa Kwango kwa miaka sasa. Basi ni wahami wangapi wa Kivu waliofundishwa njia hiyo siku walipogawiwa mbegu na masufuria? Anayeamini kwamba raia wamezoea haoni haja ya kuwafundisha.

Wapo watakaojibu kwamba haya ni maneno ya kuvunja watu moyo. Watasema raia wanafanya biashara, wanaoa, wanaimba kanisani, wanasukuma chukudu hata siku ambayo mji umelala. Ni kweli, na hakuna wa kuwanyang'anya sifa hiyo. Tena si kila aliyepita katika vita ni mgonjwa. Makadirio yaliyotangazwa mwaka 2019 na Shirika la Afya Duniani yanasema kwamba katika maeneo yaliyopatwa na vita, mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili. Wanne wanasimama. Lakini katika inchi iliyohesabu wahami wa ndani zaidi ya milioni 7 mwaka 2024, mtu hahitaji shule kubwa kujua kwamba huyo wa tano si mtu mmoja. Ni umati mzima. Na sifa wanazopewa wanne ndizo zinazomziba mdomo wa tano. Anajiambia: wengine wamezoea, mimi nina upungufu gani? Ananyamaza. Anaanza kunywa, ama anaanza kupiga watoto, ama anakaa tu akitazama ukuta hadi majirani waseme amelogwa.

Jambo la kukasirisha zaidi ni kwamba uponyaji umekwisha kupimwa papa hapa Kivu, na jibu likapatikana. Mwaka 2013, gazeti la kidaktari la Marekani, The New England Journal of Medicine, lilitangaza utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake uliofanyika katika vijiji 15 vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini. Wanawake 405 waliotendewa jeuri ya ngono ama kuishuhudia walishiriki. Katika vijiji 7, wanawake 157 walikaa katika vikundi vidogo na kufundishwa, kwa vikao 12 tu, jinsi ya kuyatazama upya mawazo yaliyowafunga, hasa lile la kujihukumu wenyewe. Katika vijiji 8, wanawake 248 walipata msaada wa mtu mmoja mmoja, wa kusikilizwa na kuelekezwa. Miezi 6 baada ya matibabu, dalili za huzuni nzito ama wasiwasi mkubwa zilibaki kwa 42 kati ya kila 100 katika kundi la pili. Katika vikundi vya vikao, zilibaki kwa 9 kati ya 100. Kwa jeraha la hofu inayorudi rudi, matokeo yalifanana.

Mambo matatu ya utafiti huo yangepaswa kuandikwa kwenye kila mlango wa ofisi ya misaada. La kwanza, waliotoa matibabu hawakuwa madaktari kutoka Ulaya; walikuwa wanawake wa hapa, wasaidizi wa kisaikolojia, wale wanaoitwa APS, waliofundishwa na kusimamiwa. La pili, wengi wa waliopona hawakujua kusoma. Mafundisho yalirekebishwa ili yashikwe kwa kichwa. La tatu, amani haikuwa imekuja. Vijiji vilikuwa bado na hofu ya kushambuliwa na watu wenye silaha, na hata hivyo watu walipata nafuu. Kwa hiyo maneno kwamba afya ya akili ingojee hadi vita viishe hayana msingi. Yalikwisha kukanushwa mwaka 2013.

Kwa watoto, kungoja kuna ubaya zaidi. Mjini Bucharest, Romania, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuata watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika nyumba za mayatima ambamo walilishwa lakini hawakubebwa wala kusemeshwa. Nusu yao walipelekwa katika familia za kuwalea. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopata familia walikua kwa akili kuliko waliobaki, na waliopelekwa mapema, kabla ya kufika kama miaka 2, walifaidika zaidi. Ubongo wa mtoto unaweza kurudi, lakini una saa yake. Mtoto aliyezaliwa kambini wakati wa mvua ya masika haongezewi muda kwa sababu bajeti ya mwaka ujao haijapitishwa.

Hapo mikutano ya wataalamu inapaswa kujibu. Mwaka 2010, watafiti Henrich, Heine na Norenzayan walikumbusha kwamba katika magazeti makubwa ya saikolojia, asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka katika inchi za Magharibi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Basi tabia ya binadamu inapoelezwa ukumbini, mara nyingi ni tabia ya wanafunzi wa chuo kikuu ambao shida yao kubwa ya wiki ni mtihani. Afrika ina chama chake cha wataalamu wa ubongo, SONA, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1993. Mwaka 2017 kilikutana Entebbe, Uganda, inchi inayopakana na Ituri na Kivu Kaskazini. Kama kuna kongamano lolote la sayansi hiyo linaloweza kufikiwa kwa barabara kutoka Beni ama Bunia, ni kama lile. Lakini kilomita si kizuizi pekee. Mwuguzi anayewapokea wagonjwa katika kituo cha Tulizo Letu mjini Goma, ama SOSAME mjini Bukavu, anajua juu ya ubongo ulioishi vitani mambo ambayo hakuna mashine ya kupiga picha itakayoyaonyesha. Mtu wa namna hiyo anapaswa kukaa mezani kama mwalimu, alipiwe safari, apewe mkalimani, na asikilizwe kwa Kiswahili chake.

Tena watafiti wanaokuja Kivu na karatasi za maswali wanajulikana. Wanauliza juu ya ndoto, juu ya mabomu, juu ya ubakaji. Wanaandika, wanashukuru, wanaondoka. Mwenye kujibu habaki hata na ukurasa mmoja wa matokeo katika lugha anayoisikia. Kumfungua mtu kidonda na kumwacha wazi ili takwimu zipatikane ni jambo la aibu. Mtafiti asiyeweza kurudi kwenye redio ya mtaa na kueleza kwa Kiswahili kile alichokipata hapaswi kuruhusiwa kuanza kuuliza.

Lawama haiishii kwa wageni. Kuna wachungaji wanaowafunga wagonjwa kwa maombi ya siku nyingi bila chakula wala dawa. Kuna familia zinazomwita mtoto mchawi kwa sababu anakojoa kitandani na kupiga kelele usiku, dalili ambazo mtoto yeyote aliyeona maiti anaweza kuwa nazo. Kuna waume wanaomfukuza mke kwa sababu amebadilika tangia siku ile. Kuna walimu wa fimbo. Hawa nao wanasema, kwa njia yao, kwamba mtu anapaswa kuzoea ama aondoke. Maombi ni mazuri, na kanisa limewashika wengi wasianguke. Lakini mchungaji anayempeleka mwenye malaria hospitalini akapate dawa, kisha akamwombea, anaweza kufanya vilevile kwa yule ambaye hajalala mwezi mzima.

Kinachodaiwa si kikubwa. Kila mradi wa chakula na shitingi uwe na sehemu ya kuwafundisha na kuwalipa APS wa kutosha, wanawake na wanaume, waliochaguliwa kati ya wahami wenyewe. Kila kituo cha afya kiwe na mtu mmoja anayejua kumpokea mwenye jeraha la moyo bila kumcheka. Kila mwalimu wa eneo la vita afundishwe kwamba mtoto asiyesikia darasani huenda anasikiliza kitu kingine. Na neno résilience lisiandikwe tena katika ripoti yoyote ambayo haisemi, kwenye ukurasa uleule, ni nani anawatibu wale ambao kuzoea kumewavunja.

Kwa familia, dalili zinajulikana. Mtu akipita mwezi mmoja bila kulala vizuri, akishtuka kwa kila kishindo, akiikwepa njia ama watu wanaomkumbusha mambo, akikasirika bila sababu, ama mtoto akirudia kukojoa kitandani na kukataa kucheza, asipigwe wala kufichwa. Apelekwe kituo cha afya, na ndugu zake waulize wazi: APS yuko wapi? Akisema anataka kufa, asiachwe peke yake hata saa moja, na apelekwe siku hiyohiyo.

Na siku mgeni mwingine atakaposhuka kwenye jeep na kusema raia wa Kivu wamezoea, ajibiwe palepale mbele ya kamera zake. Hawakuzoea. Wanavumilia kwa sababu hawakupewa njia nyingine, na dawa iliyopimwa juu yao tangia mwaka 2013 bado haijawafikia.